Mnazi wa Kilakala

Watu wa Kilakala walimjua Mwanaheri kwa jambo moja kabla hawajalijua jina lake. Alikuwa yule mwanamke wa Tanga anayekalia mbuzi ya kukunia nazi. Kila jioni aliitoa nje, akaifanya kigoda, akakaa kibarazani uso ameuelekeza kule linakotokea gari la moshi. Nazi ya kukuna hakuwa nayo. Zile alizokuja nazo kwenye gunia ziliisha mwezi wa kwanza, na za sokoni zilikuwa zikifika kutoka pwani zimeshakuwa chachu, na bei yake ya kumfanya mtu aombe maji ya kunywa. Basi mbuzi ikakosa kazi, naye akaikalia.

Ukimwuliza, "Dada, umefika lini Morogoro?" alikujibu bila hata kugeuza shingo, "Sijafika. Napita."

Na kweli alijiona anapita. Mumewe Abasi alikuwa fundi wa chuma kwenye karakana ya reli kule Tanga, mtu mpole, mkono wake mwepesi kwenye nyundo na ulimi wake mzito kwenye maneno. Mdachi mmoja msimamizi aliupenda ule mkono, na reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro, akamwita huko. Abasi akamwambia mkewe ni miezi sita tu. Siwezi kumlaumu, kwa sababu na yeye ndivyo alivyoambiwa. Lakini miezi ya tajiri haihesabiwi kwa vidole vya kibarua. Walipanda meli mpaka Dar es Salaam, wakapanda gari la moshi, wakashuka na kasha moja, gunia la nazi na hiyo mbuzi.

Tanga ulikuwa mji mkubwa, tena mji unaojijua kuwa ni mkubwa. Mtaa wao wa Chumbageni haukulala. Leo harusi, kesho maulidi, keshokutwa ugomvi wa wake wenza ambao mtaa mzima unaamua. Ukifungua dirisha unaona mbali mpaka macho yanachoka. Morogoro ulikuwa mtaa mmoja na nusu, stesheni, boma, maduka ya Wahindi, na mashamba yanayoanza kabla mtu hajamaliza kusema mji umeisha. Ukifungua dirisha, mlima. Ulikaa pale kama mtu aliyesimama mlangoni kwako, haingii wala haondoki. Asubuhi ukungu unaufunika, Mwanaheri anashukuru; saa nne ukungu unapanda, mlima uko palepale.

Kiwanja walichokaa kilikuwa cha ukoo wa Bi Mosi, mama wa Kiluguru mwenye umri wa kumzaa Mwanaheri, mfupi, mwenye miguu ya kupanda milima na maneno machache. Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na mgeni huazimwa. Kila mwaka baada ya mavuno mgeni hupeleka shukrani yake, wanaiita ngoto: kuku mmoja na kikapu cha maharage, ili kila mtu akumbuke ardhi ni ya nani. Bi Mosi alimweleza masharti siku ya kwanza, wamesimama uani.

"Panda mahindi, panda maharage, panda mchicha. Panda unachokula ukamaliza. Mti usipande, mwanangu. Anayepanda mti kwenye ardhi ya watu anasema ardhi ni yake."

Mwanaheri alicheka. "Mti, Bibi? Mimi hata mbaazi sitaziona zikikomaa."

"Haya," alisema Bi Mosi, akaenda zake.

Mbaazi alizionja misimu mitatu.

Alihangaika, na nyumba ikahangaika naye. Leo kitanda kiko ukuta wa mlangoni, kesho kimehamia ukuta wa pili. Mafiga aliyahamisha kutoka ndani kwenda uani na kutoka uani kurudi ndani mpaka Abasi akawa anaingia nyumbani akiuliza kwanza moto uko wapi. Alisuka ukili mrefu wa kutosha mikeka miwili, lakini hakuushona, kwa sababu mkeka ukishashonwa lazima utandikwe, na yeye hakutaka kutandika kitu Morogoro. Kasha nalo halikufunguliwa ila kwa kutolewa kanga mbili. Nguo zake njema, vikombe vya mamake, udi, vyote vilikaa humo vikisubiri Tanga. Wenyeji husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilishika, moyo ndio hakuuleta.

Alipopata mimba alitulia kwa mara ya kwanza, maana sasa sababu ya kurudi ilikuwa nzito kuliko Mdachi. Mimba ya kwanza mtu huzalia kwao. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo ndilo kiini cha habari hii. Kwao Chumbageni, kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka huzikwa uani, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi ule ni wa mtoto. Mwanaheri alikuwa na wake karibu na mlango wa mamake, na mdogo wake Mwinjuma alikuwa na wake, na walipokuwa watoto walipigana kwa sababu ya nani mnazi wake umetangulia kuzaa. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hataji mji. Anataja kilipozikwa kitovu chake. Mwanaheri aliapa kwamba mwanawe atazikiwa kitovu Chumbageni, hata kama italazimu autembee mwendo wote kwa miguu.

Masika ya mwaka ule yalikuja na hasira. Siku ya safari alikaa stesheni juu ya kasha lake tangu asubuhi, mvua inapiga bati, na gari la moshi halikuja. Adhuhuri zikaja habari kwamba tuta la reli limemomonyoka huko njiani. Watu wengine waliondoka. Yeye akabaki, kama vile kukaa kwake kungelijenga tuta. Uchungu ukamshika palepale, na Abasi, aliyekuwa hajui afanye nini na mikono yake, akakimbia kumwita Bi Mosi.

Mtoto alizaliwa Kilakala, wa kike, akaitwa Asha. Bi Mosi ndiye aliyekata kitovu.

Kilipodondoka, alikuja amechukua kijembe.

"Tunakizika wapi, mwanangu?"

"Tanga, Bibi."

"Tanga ni mbali. Kitovu hakisafiri."

"Hiki kitasafiri."

Bi Mosi alikiweka kijembe chini. "Haya. Lakini kitovu kisichozikwa kinamtembeza mwenyewe, na mama yake pia."

Mwanaheri alikifunga kwenye kipande cha bafta, bafta akaifunga kwenye pindo la kanga. Akibadilisha kanga alihamisha fundo. Akilala alilishika. Abasi aliomba ruhusa ya kumpeleka mkewe kwao, akaambiwa mwaka ujao, na mwaka ujao ulipofika ulikuwa na mwaka ujao wake. Asha akaota meno, akatambaa, akatembea. Kiluguru alikijua sawa na Kiswahili, na alipogombezwa na mamake alikimbilia kwa Bi Mosi. Hilo lilimwuma Mwanaheri kuliko alivyokubali kusema. Aliona mtoto anaota mizizi mbele ya macho yake, na kitovu bado kiko kwenye kanga.

Siku moja ya kiangazi, Mwinjuma akatokea. Hakutuma salamu kwanza. Alisimama tu uani na kikapu mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Mwanaheri alimkumbatia, akacheka, akaanza kukusanya vyombo.

"Umekuja kutuchukua."

"Dada, kaa kwanza."

Alikaa juu ya mbuzi. Mwinjuma akamwambia kwamba mama yao amefariki. Aliugua homa mwezi wa Ramadhani na hakufika Idi. Mwanaheri alilia kilio cha mtu aliye mbali, kile kisicho na mkono wa kushika wala kaburi la kutazama, na majirani wakaja wakakaa naye mpaka jua likashuka. Mwinjuma alikuwa na neno jingine, lakini alilimeza siku ile. Kesho yake ndipo akalitoa, macho yake yakitazama chini.

"Uani petu, dada, pameuzwa. Wajomba walitaka mgawo wao, na mimi peke yangu sikuweza kuwazuia. Kuna mfanyabiashara anajenga ghala. Minazi imekatwa."

"Yote?"

"Yote."

"Na wangu?"

"Wako ndio ulikuwa wa kwanza. Ulikuwa mlangoni."

Hakulia tena. Mwinjuma akakivuta kikapu, akatoa nazi iliyoota, imetoa jani moja la kijani lenye urefu wa mkono. "Hii ilidondoka kwenye wako. Niliikuta imeota karibu na kisima. Sikujua nikuletee nini."

Alikaa kidogo, akarudi zake Tanga. Mwanaheri akabaki na nazi yenye jani, na fundo kwenye pindo la kanga, na hakuna tena ua popote duniani wa kuvipeleka. Siku kadhaa alivihamisha huku na kule kama alivyohamisha mafiga. Mwishowe, Ijumaa asubuhi, Abasi yuko kazini, akachimba shimo nyuma ya nyumba. Akatia chumvi konzi moja, kama alivyomwona mamake akifanya, akalaza bafta chini, akaweka nazi juu yake, akafukia. Akasoma Fatiha. Akamwita Asha, akamwonyesha, "Huu wako." Mtoto akalishika jani, akataka kulila.

Abasi aliuona jioni.

"Mama Asha, tuliambiwa tusipande mti."

"Sijapanda mti. Nimezika kitovu."

Nawaambia hakuwa anadanganya wala kujitetea. Kwake kupanda mti ni kutaka nazi. Hili lilikuwa jambo lingine kabisa, kama vile kumzika mtu si kulima. Sharti la Bi Mosi halikumpitia akilini hata mara moja wakati anachimba. Na Bi Mosi mwenyewe, alipopita nyuma ya nyumba, aling'oa gugu moja lililokuwa linaubana mche, akaenda zake.

Mche ulishika. Ulitoa jani la pili, na la tatu. Na mavuno yakafika, na pamoja nayo wakashuka wazee kutoka Kinole, huko mlimani, kuja kuona ardhi ya lukolo na kupokea ngoto. Mkubwa wao alikuwa Yakobo, kaka yake Bi Mosi, aliyebatizwa zamani, mwenye rozari shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na mbuzi pamoja na watu. Alikuja na wenzake wawili. Mwanaheri aliwaamkia, shikamoo zikaitikiwa, kuku akapokewa. Kisha Yakobo akazunguka nyumba, kama alivyozunguka kila mwaka, akasimama.

"Nani amepanda huu?"

"Mimi, Mjomba."

"Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Lakini sikupanda mti, Mjomba. Nilizika kitovu cha mwanangu. Kwetu ndivyo tunavyozika."

Wazee wakatazamana. Abasi alifumba macho, maana alisikia mapema kuliko mkewe kwamba jibu lile limewasha moto badala ya kuuzima.

"Basi ni vibaya zaidi," Yakobo alisema. Hakupandisha sauti. "Mti tungeukata ukaisha. Mtoto wa kike ana kitovu chake kwenye ardhi yetu, na mti juu yake. Kesho atazaa, watoto wake watasema bibi yetu kitovu chake kiko hapa, ondokeni ninyi. Hatukukaribisha lukolo nyingine. Sisi tunalala hapa leo. Kesho asubuhi utoe mti na kitovu, ukae kama ulivyokaa. Hutaki, turudishie kiwanja, wende kwenu."

Wende kwenu. Miaka yote ile Mwanaheri alikuwa anaomba mtu mmoja tu amwambie maneno hayo. Jibu alikuwa nalo tayari, amelisema barabarani, kisimani, sokoni, mpaka watu wamelichoka. Alifungua kinywa alitoe na halikutoka. Aliogopa. Aliona wazi kwamba akifukua kitovu kile, atakifunga tena kwenye pindo la kanga, na safari hii hakuna popote pa kukipeleka. Mwanawe atakuwa mtu asiye na kwao, na yeye ndiye atakayekuwa amemfanya hivyo.

Asubuhi wazee walikuwa wamekaa uani tayari. Mwanaheri alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama juu ya mche. Akaliinua jembe, akalishusha bila kupiga. Akaliinua tena. Asha alikuwa ameshika kanga yake, akiuliza wanafanya nini.

Bi Mosi alitokea upande wa kisimani. Alilichukua jembe mikononi mwake kama mtu anayemsaidia mwenzake mzigo, akachimba taratibu kuuzunguka mche, akaunyanyua na mizizi yake na udongo wake. Mwanaheri aligeuka, hakutaka kuona.

"Yakobo," Bi Mosi aliita. "Njooni mtazame. Nimeung'oa. Mti wa mgeni upo?"

Wazee walikuja, wakachungulia shimoni. "Haupo," Yakobo alisema.

"Ardhi hii mama yetu alimwachia nani ailime?"

"Wewe."

"Basi mimi, mwenye ardhi, nataka kupanda mti wangu. Nani ananikataza?"

Akaurudisha mche kwenye shimo lilelile, kwa mkono wake, akaanza kufukia. Yakobo akaiona bafta chini.

"Na hicho kitambaa?"

"Kitovu hicho nilikikata mimi. Kitovu anazika mkunga aliyekikata, kama hajazuiwa. Au hilo nalo ulilisahau ulipobatizwa?"

Mmoja wa wale wazee alicheka, akajifanya anakohoa. Yakobo aliishika rozari yake. Alikuwa mtu wa sheria, si mtu mbaya, na sheria ilikuwa imetimizwa mbele ya macho yake: mti ni wa mkono ulioupanda, na mkono ulioupanda ulikuwa wa dada yake.

"Vema," alisema. "Mti ni wa lukolo. Na mgeni alitamke hilo mbele yetu."

Mwanaheri akatamka. "Mti si wangu."

"Wala wa mwanao."

Mwanaheri alimtazama Asha kwanza. "Wala wa mwanangu."

"Wala msile tunda lake bila kupewa."

"Hatutakula bila kupewa."

Wazee wakapanda zao mlimani na kuku wao. Ule usiku Abasi alidhani mkewe atalia. Hakulia. Alikihamisha kitanda.

Ukapita mwaka na zaidi. Mwanaheri aliendelea kukalia mbuzi jioni, aliendelea kuusema mlima, na wageni aliwaambia anapita. Lakini alfajiri alishuka mtoni na mtungi, kila kiangazi, akaumwagilia mche. Aliuzungushia miiba kwa sababu ya mbuzi wa watu. Aliuchokoa kwa ujiti akitafuta chonga, yule mdudu mwenye pembe anayekula moyo wa mnazi. Kila alichokifanya alikifanya kwa haraka na kwa kununa, kama kibarua.

Ndipo Abasi akarudi mchana mmoja, amevua kofia, anacheka peke yake. Mtu yule mpole alikuwa ameomba, akaomba tena, akaomba mpaka msimamizi amechoka kumwona.

"Mama Asha, tunarudi. Karakana ya Tanga wananitaka. Mwisho wa mwezi."

Mwanaheri alisimama na mtungi kiunoni. "Alhamdulillahi," alisema. Akautua mtungi, akaenda kumuaga Bi Mosi.

Bi Mosi alikuwa anapepeta karanga. Alisikiliza habari yote, akasema ni vizuri, mtu kwao.

"Na mti wako, Bibi?"

"Nitautazama."

"Unataka maji kila siku mpaka masika."

"Kuutazama nitautazama. Maji kutoka mtoni, magoti yangu hayataki tena."

"Ukizaa utakuwa umepata mali."

Bi Mosi alipuliza makapi. "Mwanangu, mimi nazi siijui. Mboga naunga kwa karanga. Hata kuivunja sijui inavunjwa wapi. Niliupanda tu."

Mwanaheri alirudi nyumbani polepole, akipita nyuma ya nyumba. Mche ulikuwa umefika kifuani kwake. Abasi alikuwa ameshatoa kasha uvunguni, analifuta vumbi.

"Baba Asha, huo mti nani atauangalia?"

"Mti si wetu," Abasi alisema. "Ulitamka mwenyewe mbele ya wazee."

"Ndiyo sababu nauliza. Ungekuwa wetu ningeuacha. Wangu niliuacha Tanga, nilipouulizia nikaambiwa umekatwa. Lakini huu ni wa watu, wametuwekea na kitovu cha mtoto chini yake. Mali ya mtu utaiachaje porini ukaenda zako? Hiyo ni amana."

Abasi alikaa juu ya kasha. Alimtazama mkewe mpaka akahakikisha hana mzaha, kisha akauliza, kwa sauti ndogo, amwambie nini msimamizi baada ya kumwomba vile.

"Mwambie mkeo ana wazimu. Atakuamini, ameoa na yeye. Hebu inuka hapo."

Alilifungua kasha. Mende walitoka wa kwanza. Nguo zake njema zilikuwa zimetobolewa, udi umepoteza harufu, kikombe kimoja cha mamake kimepasuka. Alimgombeza Abasi kwa kila kimoja, kana kwamba ndiye aliyekataza lisifunguliwe. Kisha akavipanga vile vilivyobaki ukutani, akachukua sindano, akaanza kuushona ukili.

Jioni ya siku ya pili alikuwa kibarazani juu ya mbuzi, akiusema mlima kama kawaida. Akapita mwanamke mgeni, ndio kwanza ameshuka stesheni na mzigo kichwani, akasikia lafudhi ya pwani, akafurahi. Akamwuliza, dada, wewe umefika lini Morogoro?

"Jana," Mwanaheri alisema.